Maji ya Amana

Weka hiyo simu chini, mwanangu, nikusimulie siku ambayo babu yako alisimama mbele ya lango la chuma, funguo mfukoni, maji nyuma yake na watoto wenye kiu mbele yake, na akakataa kufungua. Mmoja wa watoto hao alikuwa wangu. Na usinikatize. Nikikatizwa mimi huanza upya, na hili jambo sina nguvu ya kulianza mara mbili.

Ile Dagah Ad unayosikia watu wakiitaja, ambayo leo ukipita kwa gari upande wa Ijara huoni ila kuta zisizo na paa na mashimo meupe, wakati huo ilikuwa mji. Cheka ukitaka. Jina lake kwa lugha yetu maana yake ni jiwe jeupe, kwa sababu ya jasi, mawe laini ambayo husagwa yakatiwa kwenye saruji. Kabla ya jasi palikuwa na kisima kimoja tu, kilichochimbwa kwa mikono na mababu wa watu wa pale. Ngamia walikuja, wakanywa, wakaondoka. Hakuna mtu aliyefikiria kujenga nyumba pale, angejenga afanye nini?

Halafu ikaja kampuni. Sitaitaja jina, hata silikumbuki vizuri, walikuwa watu wa chini, kama tunavyowaita wote wanaotoka Nairobi na kwingineko huko. Wakaja na mashine, wakaja na malori, na kabla hujakohoa mahali palikuwa pamejaa. Maduka ya mabati yakapanga mstari. Msikiti wa mabati. Kinyozi na kioo chake. Hoteli mbili zilizogombana kila siku kwa sababu kila moja ilisema pilau ya mwenzake ni ya jana. Taa za jenereta ziliwaka, na sisi tuliotoka kwenye nyumba za mikeka tulikaa nje tukizitazama tu, wallahi, kama wajinga. Mimi nilikuwa bibi harusi bado, nikiuza maziwa ya ngamia na chai ya tangawizi karibu na lango la kampuni. Kiswahili changu hiki nilikiokota pale pale, kwa wachimbaji. Ndiyo maana mpaka leo p yangu hutoka b, na nyinyi hunicheka nikisema bole bole. Basi ni bole bole, na bado mnanielewa.

Babu yako Abdullahi alipata kazi ya ulinzi. Kijana mrefu, mkimya, mwenye sifa moja iliyojulikana mpaka Garissa: ukimwekea kitu, utakikuta. Mtu alikuwa akisafiri anamwachia mbuzi, anamwachia redio, anamwachia hata mke mgonjwa na watoto, na akirudi anakuta kila kitu pale pale, na redio imefutwa vumbi. Nilijivunia jambo hilo. Nilipochumbiwa, baba yangu hakuuliza ana ngamia wangapi. Alisema, huyu mtu ni mwaminifu, mpeni.

Sasa sikiliza jambo la kisima, maana hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Walipofungua shimo la pili, kifusi kilikosa pa kumwagwa. Mnyapara, yaani yule msimamizi mkuu wa pale, akawaita wazee akawauliza kama kisima bado kina kazi. Wazee wakatazamana. Lori la maji lilikuwa likija kutoka mto Tana, maji matamu, unaletewa karibu na mlango wako, hakuna kushuka shimoni, hakuna kuvuta kamba mpaka viganja vichubuke. Wakasema, jaza tu. Mama mkwe wangu Ardo ndiye aliyepiga kelele. Alisimama kwenye kifusi akawaambia mtu hazibi mdomo wa kisima akiwa hai na akili zake timamu. Wakamwambia, mama, jua kali, rudi nyumbani upumzike. Wakakijaza. Tuliosimama pale tuliona vumbi jeupe likipanda, kisha tukaenda zetu kunywa chai.

Huyo Ardo ulimkosa, na ni hasara yako. Mwanamke mfupi, ulimi mkali, hakuwahi kuingia nyumba ya mabati akakaa dakika nyingi. Alisema inampigia kelele kichwani. Mimi na yeye hatukuelewana sana miaka ile. Nilimwona mtu wa zamani, naye aliniona mtoto aliyerogwa na taa ya jenereta. Alikuwa sahihi, lakini wakati huo ungeniambia hivyo ningekurushia kikombe.

Mji haukufa siku moja. Mawe yalianza kutoka na udongo mwingi. Malori yakapungua. Tukasikia kwamba kuna jasi nyingine mahali karibu zaidi na viwanda, na barabara ya kwenda huko ni nzuri. Kinyozi akaondoka na kioo chake. Hoteli moja ikafungwa, na ile nyingine, iliyokuwa ikiomba mwenzake afe, ikakosa wa kugombana naye ikafungwa vilevile. Mwalimu wa madrasa akapata nafasi kwenye lori akapanda. Wenye jamaa mjini wakapanda. Tukabaki sisi ambao mifugo yetu ilikuwa imekufa au tulikuwa tumeiuza ili tukae karibu na malori, na mvua mwaka huo haikunyesha, na mwaka uliotangulia haikunyesha vilevile.

Lori la mwisho lilipokuwa likifungwa turubai, mnyapara akamwita babu yako. Nilikuwa pale na birika langu, niliyasikia kwa masikio yangu.

“Abdullahi,” akasema, “hapa sina mwingine wa kumwamini. Mashine zinabaki, ziko ndani. Shika funguo. Hii ni amana. Mtu asiingie, kitu kisitoke, mpaka nirudi.”

“Mtu habiti hapa, wallahi,” babu yako akajibu, yaani hapiti, na akaweka mkono kifuani.

Mwanangu, yule mtu wa chini aliokota neno letu. Alikuwa amekaa nasi kiasi cha kujua kwamba ukisema kazi, mtu anaweza kuiacha, lakini ukisema amana, umemfunga. Hakujua alichokisema, naamini hakujua. Alitaka tu mashine zake zisiibwe vipuri. Lakini ndani ya ule ua, kando ya mashine, kulikuwa na tangi kubwa la chuma, limejaa maji ya kuoshea mitambo, na kuhusu hilo tangi hakusema neno.

Wiki ya kwanza hatukuogopa. Lori la maji liliwahi kuchelewa siku nyingine pia. Tulikuwa na mitungi. Tukawa tunatazama barabara, kila vumbi likiinuka watoto wanakimbia na madebe, kumbe ni upepo. Mitungi ikaisha. Watu wakaanza kushuka kwenye mashimo ya jasi, ambako chini kabisa kulikuwa na maji yaliyotuama. Ukiyatazama ni safi, yanang'aa. Ukiyanywa ni machungu, na tumbo linafunguka papo hapo. Watu wazima tulivumilia. Watoto hawakuweza. Mtoto anakunywa kwa sababu ana kiu, anaharisha, anapata kiu zaidi, anakunywa tena. Mimi nilikuwa nanyonyesha. Binti yangu wa kwanza, Hodan, alikuwa hajaanza kukaa. Nilikunywa yale maji ili nipate maziwa, na maziwa yakakauka. Alikuwa akinyonya na kuachia, ananyonya na kuachia, ananitazama.

Na pale, hatua chache kutoka mlangoni kwangu, tangi limejaa. Jua likilipiga mchana ulisikia chuma kikilia, ka, ka, ka.

Utaniuliza kwa nini lango halikuvunjwa siku ile ile. Mahali pengine lingevunjwa. Lakini sisi, Mungu atusamehe, tulikaa chini tukajadili. Wanaume walikuja langoni wakaketi mchangani kama wanaamua kesi ya damu. Mmoja anasema maji ni ya Mungu. Mwingine anasema ndiyo, lakini yakishaingia kwenye chombo cha mtu ni ya mtu. Wa tatu anasema mwenye chombo yuko wapi? Wa nne anasema amana haina cha mwenyewe yuko wapi, amana ni amana. Na hakuna hata mmoja aliyesema Abdullahi amekosea. Wengine walimsifu! Walisema, huyu ndiye mtu. Walimsifu huku midomo imepasuka.

Naye babu yako, nisimseme vibaya, hakuwa katili. Ukitaka kujua, yeye mwenyewe hakuonja tone. Alikuwa akishuka kwenye shimo kama sisi, anakunywa uchungu ule ule, anarudi anasimama. Alikuja nyumbani mchana akamwangalia Hodan, akamshika kidole, akageuka ukutani. Nikamwambia, “Abdullahi, una ufunguo.” Akasema, “Si wangu.” Nikamwambia, “Mtoto ni wako.” Akasema, “Najua.” Akatoka akarudi langoni. Wallahi, siku ile nilimchukia. Nilikuwa nampenda tangu siku ya kwanza na nilimchukia kwa moyo wangu wote, na hayo mawili yakakaa pamoja ndani yangu, yakanichoma.

Jirani yangu alikuwa mwanamke anaitwa Kaltuma, mke wa Gedi, mchimbaji. Tulikuwa tukiazimana chumvi, kijiti cha moto, kila kitu. Alikuwa na mvulana mdogo, Ilyas, mtundu, aliyekuwa akinipindulia sufuria kila siku nikimkimbiza na mwiko. Asubuhi moja sikusikia sauti yake. Nikaenda. Kaltuma alikuwa amemlaza mapajani, anampungia kwa ncha ya shela. Akaniambia, “Amelala.” Nilipomgusa mguu nikajua. Nilikaa karibu naye mpaka naye akajua.

Tulimzika jua likiwa limeanza kuinama. Wanaume walichimba, na ardhi ya kule ukiitoboa inatoka nyeupe, kwa hiyo kaburi lilikuwa jeupe. Hatukuwa na maji ya kumwosha mtoto. Alitayamamiwa kwa udongo.

Wakitoka makaburini, Gedi hakwenda nyumbani. Alikwenda akachukua mtaimbo, ule wa kuvunjia mawe, na vijana wakamfuata. Nikasikia kelele, nikambeba Hodan mgongoni nikakimbia. Nilipofika, babu yako alikuwa amesimama, mgongo umeegemea kufuli, mikono mitupu. Rungu lake alikuwa ameliweka chini. Hilo lilinitisha kuliko kama angelishika, maana mtu anayeweka rungu chini ameshaamua kufa.

“Toka, Abdullahi,” Gedi akasema. Sauti yake haikuwa na hasira tena, ilikuwa imechoka.

“Siwezi.”

“Nimemzika mwanangu sasa hivi.”

“Nilikuwa nyuma yako. Nimemswalia.” Babu yako alikuwa akilia, machozi hayatoki, uso tu ndio unalia. “Gedi, kama haya maji yangekuwa yangu ungeoga ndani yake. Nimeapa. Anayetaka kuingia aanze na mimi, na mimi sitamzuia mkono.”

Gedi akainua mtaimbo. Nilitaka kupiga kelele. Nikafikiri, nikipiga kelele Gedi atageuka, na nikinyamaza atampiga, na akimpiga maji yatatoka na mwanangu atakunywa. Unaona mahali tulipofika? Mke amesimama anapima kati ya mume na mtoto. Mungu asikufikishe hapo.

Ndipo Ardo akafika. Alikuja bole bole, akiegemea fimbo, shela imefungwa kiunoni. Alimpita Gedi kana kwamba ule mtaimbo ni kijiti cha kuchokonolea meno. Akasimama mbele ya mwanawe, naye kichwa chake kilimfika kifuani tu.

“Abdullahi.”

“Hoyo,” akajibu, yaani mama.

“Mtu akikuachia ngamia jike wa amana, mwenye ndama, yeye akasafiri. Unafanya nini?”

Babu yako alimtazama kama amechanganyikiwa. Watu wote walimtazama hivyo. Mtoto amekufa, mtaimbo uko hewani, na bibi anauliza habari za ngamia.

“Jibu.”

“Namlisha. Namnywesha. Namlinda na fisi.”

“Unamkamua?”

“Namkamua. Asipokamuliwa ataugua kiwele.”

“Maziwa yake unamwaga?”

“Hapana, hoyo. Yananywewa.”

“Na nani?”

“Na waliopo nyumbani. Watoto. Wageni.”

“Mwenye ngamia akirudi atakudai nini?”

“Ngamia wake.”

“Na maziwa?”

“Maziwa hayadaiwi.”

“Nani alikufundisha hayo?”

“Wewe na baba.”

“Basi tulikufundisha bure!” Hapo sauti yake ikapanda, mwanangu, nadhani ilisikika mpaka mtoni. “Mashine hizo za chuma ndizo ngamia wa yule mtu. Zilinde, zifutie vumbi, mrudishie na misumari yake. Lakini haya maji ni maziwa! Umemfungia ngamia maziwa kiweleni, watoto wanakufa kando ya zizi, halafu unaniambia umeshika amana? Nani kakuambia? Yule mtu alipokupa ufunguo alisema watoto wafe kwa kiu?”

“Hakusema, hoyo.”

“Ulimuuliza?”

“Sikumuuliza.”

“Hukumuuliza. Ukapenda kusifiwa. Ukapenda waseme Abdullahi, Abdullahi. Unaogopa jina lako lisichafuke mbele ya mtu ambaye hata jina la mama yako halijui.” Kisha akageukia wanaume waliokuwa wamekaa mchangani. “Na nyinyi! Mliziba kisima kwa mikono yenu, sasa mnakaa hapa mnapima maji ya nani, maji ya nani. Ndevu zote hizo!” Akanigeukia na mimi. Nilidhani nitasalimika. “Na wewe unangoja nini? Mimi ndiye mkewe?”

Babu yako aliingiza mkono mfukoni. Ufunguo uligonga kufuli mara kadhaa kabla ya kuingia. Ilikuwa ni alasiri, mwadhini alikuwa ameshaondoka siku nyingi, tukajua wakati kwa kivuli cha lango lenyewe.

Tulikunywa. Ardo alisimama kwenye bomba na fimbo yake akiwachapa watu wazima miguu, watoto kwanza, midomo iloweshwe kwanza, kidogo kidogo, msiwaue kwa kuwashibisha. Mimi nilichovya ncha ya shela nikamwekea Hodan mdomoni. Akainyonya. Akalia. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile kilio, na nimewasikia wote niliowazaa.

Kaltuma alikuja mwisho. Alikuwa na kile kikombe cha bati cha mtoto wake. Watu wakampisha. Babu yako mwenyewe akachukua kikombe akakijaza, akamnyooshea kwa mikono miwili, macho chini. Kaltuma hakukipokea mara moja. Akamuuliza, taratibu kabisa, kama mtu anayetaka tu kujua:

“Abdullahi, haya maji ni ya nani?”

Babu yako alifungua mdomo. Alikuwa na jibu la swali hilo tangu wiki iliyopita, alikuwa amelitoa kwa kila mtu. Siku ile hakulipata. Kaltuma akangoja, akaona halipo, akapokea kikombe akanywa, akaondoka. Mpaka anakufa, miaka mingi baadaye, hakumtusi wala hakumlaumu hata mara moja. Nadhani babu yako angefurahi kama angemtusi.

Ardo hakuturuhusu tulale pale. Alisema tukibaki tutalinywa tangi mpaka chini, kisha tutakufa tukilitazama. Tukajaza kila chombo, tukapakia punda waliobaki na wagonjwa, tukaelekea upande wa mto. Babu yako alifunga lango kwa kufuli, akavuta mara mbili kuhakikisha, kisha akatufuata. Njiani tuliwakuta wafugaji na ngamia wao, wakatusaidia, Mungu awalipe. Hivyo ndivyo Dagah Ad ilivyokwisha. Mabati yaliyobaki yalibebwa na watu wengine, wala hatukurudi kuyadai.

Tulikuja hapa Garissa, tukajibanza mtaa wa Waberi wakati nyumba zilikuwa za kuhesabu. Babu yako alichukua kazi ya kubeba mizigo. Na jambo moja likamkalia kichwani. Utafikiri ni mtoto wa Kaltuma, na ni kweli, huyo hakumtoka. Lakini lilikuwepo na jingine: alikula kiapo kwa mtu, na ametumia kitu cha mtu bila ruhusa. Alitaka kupewa radhi na pande zote mbili, maskini. Kila lori la kutoka chini likiingia alikwenda kutazama dereva ni nani.

Siku moja akamwona. Mimi nilikuwa naye, tumetoka sokoni kwenye mifugo. Yule mnyapara ameketi hotelini, amenenepa, anakula nyama. Babu yako akamwendea, akasimama wima, akatoa ufunguo mfukoni, maana alikuwa akitembea nao. Akamwambia mashine hazikuguswa. Kisha akamwambia, kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, kwamba kuna deni: watu walipata kiu, wakanywa maji ya tangi, na yeye anaomba amhalalishie, na kama anataka kulipwa atalipa bole bole.

Yule mtu alitafuna, akameza, akamtazama. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa hata amesahau sura yetu, ikabidi tumkumbushe jina la mahali. Akasema:

“Maji gani?”

Babu yako akamweleza tena, tangi, la ndani, kando ya mashine.

“Aa,” akasema yule mtu. “Kumbe lilikuwa na maji? Mngekunywa tu, mzee. Nani angewauliza?” Akacheka kidogo, akatukaribisha nyama.

Babu yako hakula. Aliweka ufunguo mezani, tukatoka. Tulipofika nje alikaa chini kwenye ukingo wa barabara, kila mtu anapita na mbuzi wake, akasema maneno mawili tu, “Mngekunywa tu.” Akayarudia. Tangu siku ile mpaka Mungu alipomchukua, hakushika tena kitu cha mtu, hata mbuzi wa jirani wa usiku mmoja. Akiombwa alisema, mtafuteni mwingine, mimi si wa kuaminiwa. Na watu walidhani ni unyenyekevu.

Mwanangu, nimekuambia haya kwa sababu nimesikia magari yameonekana tena Dagah Ad. Wanapima mashimo upya, wanaandikisha vijana. Na nimesikia wamekutaka wewe usimamie geti, kwa kuwa umetoka ukoo wenye sifa. Nimeona jinsi ulivyoingia na hiyo habari, shingo imenyooka. Sikukatazi. Kazi ni kazi, na njaa haisubiri hadithi za bibi.

Lakini nasaha yangu ni hii, na uisikilize kwa masikio yote mawili. Siku utakayopewa ufunguo, usiweke mkono kifuani haraka. Uliza. Uliza mbele ya mashahidi, kwa sauti: watu wa hapa wakipata kiu nifanye nini, mgonjwa akiletwa nifanye nini, nyinyi msiporudi nifanye nini. Akikujibu, shika. Akicheka, mrudishie ufunguo wake uje nyumbani, nitakupikia chai. Uaminifu ambao haukuuliza swali ni kiburi kilichovaa kanzu, nami nimelala nao kitanda kimoja, naujua. Wakitaka kuziba kisima chochote, hata kilichokauka, simama pale pale alipokuwa amesimama Ardo upige kelele, wakikuambia jua kali waambie hata wao linawachoma. Na mtu akifika langoni kwako na mtoto mgongoni, mpe kwanza, kesi iamuliwe baadaye. Kesi inaweza kungoja mpaka alasiri. Mtoto hawezi, Ilyas hakuweza.

Njoo karibu niweke mkono kichwani kwako. Mungu akupe riziki, na akupe moyo mwepesi wa kuitoa. Akulinde na sifa za watu wenye kiu. Akuweke mbali na bwana asiyekukumbuka, na akuweke karibu na mtu wa kukukemea mapema, asubuhi, mtoto akiwa bado anapumua. Amin. Haya, nenda, umechelewa, na unisalimie Ilyas ukipita pale makaburini Dagah Ad.